Maneno ya Barazani: «Utahukumiwa namna gani?»

Katika ukurasa huu tumezoea kuyachukua maneno ambayo watu huyasikia bila kuyafahamu, na kuyafungua kama mtu afunguavyo mfuko, kusudi kila mmoja aone kilichomo. Leo tutayashika maneno ya baraza la hukumu, si la nchi yetu, bali la Uingereza, tangu zama za Mfalme Henry wa Nane hata miaka ya 1700 na kitu. Kwa nini twende mbali hivyo? Kwa sababu leo watu wengi duniani wanayataja mambo kama kuwa na wakili, kuonana na mashahidi uso kwa uso, na kusikia mashitaka katika lugha unayoifahamu, kana kwamba yalikuwapo tangu mwanzo. Sivyo. Yalipatikana pole pole, tena watu waliumia kwanza. Mwenye kutaka kujua thamani ya mwavuli na atazame wale walionyeshewa mvua.

Lugha tatu katika chumba kimoja

Mwaka 1066 William wa Normandie alivuka bahari, akaishinda Uingereza, na pamoja na askari wake kikaingia Kifaransa. Tangu hapo wakubwa walisema Kifaransa, wenye elimu waliandika Kilatini, na raia walibaki na Kiingereza chao. Miaka ilipita, wajukuu wa wale Wanormandi wakaisahau lugha ya babu zao, lakini barazani lugha hizo zilikaa kama wageni wasiojua kuaga. Mwaka 1362, siku za Mfalme Edward wa Tatu, ilitolewa sheria ya kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakufahamu tena Kifaransa. Hata hivyo kumbukumbu za baraza ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na mawakili waliendelea kuandika habari za kesi zao kwa Kifaransa hata karibu miaka 300 baadaye.

Kifaransa hicho kilikuwa cha namna gani? Wasomaji wetu waliosoma Kifaransa shuleni wangestaajabu. Mwaka 1631, katika mji wa Salisbury, mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa alimrushia hakimu mkuu Richardson kipande cha tofali, kikamkosa kidogo tu. Mara hiyo alikatwa mkono wa kuume, akanyongwa papo hapo mbele ya baraza. Mwanasheria aliyeiandika habari hiyo aliianza kwa Kifaransa, na kila alipokosa neno alitia la Kiingereza: kurusha kukawa Kifaransa, tofali likawa Kiingereza. Nasi ambao tukisema Kiswahili hututoka maneno ya Kifaransa bila kujua, tusimcheke sana mwenzetu huyo.

Basi, kutoka mchanganyiko huo yamebaki maneno matatu yanayofaa kujulikana. La kwanza ni «oyez». Ndilo neno ambalo mpiga mbiu alilitangaza mara tatu kabla ya kesi kuanza. Maana yake ni «sikilizeni», tena ni Kifaransa cha kale kabisa. La pili ni «juri». Watu wa juri ni watu waliokula kiapo, kama vile Kifaransa cha leo kinavyosema «jurer». Tatu ni «verdict», yaani neno la mwisho la juri. Asili yake ni «kusema kweli». Tazameni jinsi maneno yenyewe yanavyofundisha: kwanza kusikiliza, kisha kuapa, mwishowe kusema kweli. Laiti mabaraza yote yangefuata utaratibu huo!

Kutoka kijijini hadi gerezani

Tumfuate sasa mtu mmoja, tumwite mshitakiwa, kwa kuwa wa namna yake walikuwa maelfu. Ameshikwa na kondoo asiye wake. Hapakuwa na polisi kama tuwajuao leo, wala mwanasheria wa serikali wa kumshitaki. Mwenye kondoo mwenyewe ndiye aliyemkamata kwa msaada wa majirani, na ndiye atakayemshitaki. Anampeleka kwa mwamuzi wa amani. Huyo mara nyingi alikuwa mwenye mashamba wa upande ule, ambaye mfalme alimpa mamlaka ya kusikiliza mashauri bila kumlipa mshahara mkubwa wala kumtaka awe amesoma sheria.

Sheria mbili zilizotolewa katika zama za Malkia Mary, miaka ya 1554 na 1555, zilimwamuru mwamuzi huyo amhoji aliyekamatwa na wale waliomleta, aandike maneno yao, kisha ayapeleke barazani. Mshitaki na mashahidi walifungwa kwa ahadi ya fedha: asiyefika siku ya kesi alilipa. Lakini yule aliyekamatwa hakupewa nakala ya maneno yaliyoandikwa juu yake. Alipelekwa gerezani angojee.

Kungoja huko kulikuwa hatari. Mahakimu wakubwa walikaa Westminster, karibu na London, na walitoka mara mbili kwa mwaka, yaani wakati wa Kwaresima na wakati wa kiangazi, wakizunguka wilaya kwa wilaya juu ya farasi. Mabaraza hayo ya mzunguko yaliitwa kwa neno ambalo nchi ya Ubelgiji nayo inalo, «assises». Mtu aliyekamatwa siku chache baada ya mahakimu kuondoka alikaa miezi katika chumba chenye giza, uchafu na chawa. Homa ya gerezani iliwaua wengi kabla ya kuhukumiwa. Wala haikuchagua watu. Mwezi wa Julai mwaka 1577, katika baraza la Oxford, ugonjwa uliotoka kwa wafungwa ulimwua hakimu mwenyewe, Robert Bell, pamoja na watu kama 300. Ndipo wakubwa walipoonja walichokuwa wanaonjeshwa wadogo kila mwaka.

Juri kubwa na neno «hatujui»

Mahakimu walipofika, jambo la kwanza lilikuwa hati ya mashitaka. Iliandikwa juu ya ngozi, kwa Kilatini, ikitaja jina la mtu, kazi yake, mahali anapokaa, siku ya kosa, kitu kilichoibwa na bei yake. Kosa dogo katika maandishi liliweza kuiangusha hati nzima. Ndiyo maana makarani waliogopa kalamu kuliko wezi.

Hati ilipelekwa kwanza mbele ya juri kubwa, ambayo ilikuwa na wenyeji wa heshima wasiozidi 23. Hao hawakuamua kama mtu ana kosa. Waliulizwa neno moja tu: je, iko sababu ya kumpeleka mbele? Walimsikiliza mshitaki na mashahidi wake peke yao, mlango ukiwa umefungwa. Kama watu 12 wakikubali, iliandikwa mgongoni mwa hati, kwa Kilatini, ya kwamba hati ni ya kweli. Wakikataa, waliandika neno moja: «ignoramus», yaani «hatujui». Hapo mashitaka yalikufa.

Neno hilo lina kisa chake. Mwaka 1615, mbele ya Mfalme James wa Kwanza, wanafunzi wa Cambridge walicheza mchezo uliotungwa na George Ruggle. Ndani yake alikuwamo mwanasheria mjinga, mwenye kujivuna kwa Kilatini kibovu, naye jina lake ni Ignoramus. Watu walicheka sana, na tangu hapo Waingereza wakaanza kumwita kila mtu asiyejua kitu kwa jina hilo. Hivi neno lililokuwa ngao ya mshitakiwa likageuka tusi. Lakini sisi tukumbuke maana yake ya kwanza. Mtu mwenye mamlaka ambaye anathubutu kusema «sijui, kwa hiyo sitamtia mwenzangu hatarini», huyo si mjinga. Wajinga ni wale wanaojua kila kitu.

Mkono uliokunjuliwa

Sasa mshitakiwa anaitwa kwa jina, anaambiwa ainue mkono kusudi ajulikane kuwa ndiye. Hati inasomwa kwa Kiingereza. Ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia mashitaka kwa ukamilifu. Anaulizwa: «Una kosa, au huna?» Akisema «Sina», karani alimjibu kwa niaba ya mfalme, kwa Kifaransa, kwamba anacho kosa na kwamba yu tayari kulithibitisha. Makarani walizoea kulifupisha jibu hilo katika maandishi yao kuwa «cul. prit», na yasemekana kwamba vipande hivyo viwili vikaungana vikawa neno moja ambalo Waingereza hata leo humwitia mkosaji. Angalieni ubaya wake: jina la mkosaji limetoka katika maneno aliyoambiwa mtu ambaye bado hajathibitishwa kitu!

Kisha likaja swali la pili: «Utahukumiwa namna gani?» Jibu lilikuwa moja tu: «Kwa Mungu na kwa nchi yangu.» Naye karani humtakia: «Mungu akupe wokovu mwema.» Hapa «nchi» si milima na mito. Ni wale wenyeji 12 wa juri ndogo, waliosimama mahali pa nchi nzima.

Mbona waliuliza swali lenye jibu moja? Zamani sana watu walipimwa kwa chuma cha moto au kwa kutupwa majini, wakiamini ya kwamba Mungu atamtenga mwenye haki na mwenye hatia. Mwaka 1215, katika Mtaguso wa Lateran chini ya Papa Inosenti wa Tatu, mapadri walikatazwa kuvibariki vipimo hivyo. Pasipo padri, kipimo kilikosa nguvu. Waingereza wakatafuta njia nyingine, wakaikuta juri. Lakini njia hiyo ilikuwa mpya, nao waliona haifai kumlazimisha mtu ahukumiwe na majirani bila ya yeye mwenyewe kukubali. Kwa hiyo wakamwuliza. Jambo zuri, sivyo?

Lakini akikaa kimya je? Sheria ya mwaka 1275 ilisema afungwe kifungo kigumu mpaka akubali. Siku zilivyokwenda, kifungo hicho kiligeuka mateso. Mtu alilazwa chini, juu ya kifua chake wakaweka mbao, na juu ya mbao mawe na vyuma, wakiongeza uzito, mpaka aseme au afe. Hivyo ndivyo desturi iliyoanza kwa kuheshimu ridhaa ya mtu ilivyomaliza kwa kuivunja mbavu zake.

Margaret wa York

Wasomaji wetu Wakatoliki wanalijua jina la Margaret Clitherow. Alikuwa mke wa mwuza nyama katika mji wa York, mama wa watoto. Sheria ya mwaka 1585 ilikuwa imefanya kuwa kosa la kunyongwa kumkaribisha nyumbani padri aliyepadirishwa ng'ambo. Mwezi wa Machi mwaka 1586 alikamatwa, akaletwa mbele ya mahakimu wa mzunguko. Walimwuliza: una kosa au huna? Akajibu kwa upole kwamba hajui kosa lolote la kumfanya aungame. Wakamwuliza atahukumiwa namna gani, naye akakataa kutamka maneno yale ya kuiita juri.

Hakuwa mkaidi wala hakukosa akili. Alifikiri hivi: kesi ikianza, watoto wake na watumishi wake wataitwa kushuhudia juu yake, wakisema kweli watamwua mama yao, wakisema uongo wataiharibu roho yao. Tena wale watu 12 wangeibeba damu yake. Kwa hiyo aliwaondolea wote mzigo huo, akaulalia yeye. Hakimu Clench alimsihi mara kwa mara abadili nia, kwa maana alijua sheria inasema nini na hakupenda kuisema. Mwishowe aliisema. Tarehe 25 Machi 1586, karibu na daraja la mto Ouse, Margaret alilazwa chini ya mlango, na juu ya mlango yakapangwa mawe. Alikufa kwa muda wa kama robo saa. Watu walisema alikuwa na mimba. Binti yake Anne baadaye alivuka bahari, akawa mtawa huko Louvain, katika nchi ya Ubelgiji. Papa Paulo wa Sita alimtangaza Margaret kuwa Mtakatifu mwaka 1970.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wengine walinyamaza kwa sababu nyingine: aliyehukumiwa kufa alinyang'anywa mali yake, lakini aliyekufa chini ya mawe alikufa bila hukumu ya kosa, na kwa hiyo wanawe walirithi. Fikirini baba anayehesabu kwamba kifo kirefu cha mateso kitaacha shamba na ng'ombe mikononi mwa watoto, na kifo kifupi cha kamba kitawaacha maskini. Desturi hiyo iliondolewa mwaka 1772 tu. Hata hapo, mwenye kunyamaza alihesabiwa kuwa amekiri. Ni mwaka 1827 iliposemwa kwamba kimya cha mshitakiwa kihesabiwe kuwa amesema «Sina kosa».

Hukumu ya nusu saa

Tuseme mshitakiwa wetu amejibu kama ilivyotakiwa. Juri ndogo inaapishwa. Aliruhusiwa kuwakataa hata watu 20 bila kutoa sababu, lakini wakulima wachache walijua kuitumia ruhusa hiyo mbele ya majoho mekundu. Kesi yenyewe kwa kawaida haikupita nusu saa. Mshitaki alisema, mashahidi wake walisema kwa kiapo, mshitakiwa akaambiwa ajitetee. Wakili? Hakuna. Katika kosa la kunyongwa, mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumsemea juu ya mambo yaliyotendeka. Walisema hakimu mwenyewe atamwangalia asionewe, na kwamba mtu asiye na kosa hahitaji ufundi ili kusema kweli. Mashahidi wake, kama akiwa nao, walisema bila kiapo, na neno lisiloapiwa lilionekana jepesi.

Hata wakubwa hawakupona. Mwaka 1603, katika mji wa Winchester, Walter Raleigh, baharia na mwandishi mashuhuri, alishitakiwa uhaini. Shahidi mkubwa alikuwa Lord Cobham, ambaye alimtaja katika maandishi, kisha akayakana, kisha akamtaja tena. Raleigh aliomba jambo moja: mleteni hapa, aniambie usoni. Cobham alikuwa hai, tena gerezani si mbali, lakini hawakumleta. Ikasomwa karatasi tu. Raleigh alihukumiwa kufa, akafungwa miaka mingi katika Mnara wa London, na mwaka 1618 hukumu ile ile ikamfikia, akakatwa kichwa. Kisa hicho hakikusahauliwa. Wamarekani walipoitengeneza katiba yao waliongeza, mwaka 1791, haki ya mshitakiwa ya kukabiliana na mashahidi wanaomshitaki. Karatasi haitoki jasho wala haigeuzi macho. Mtu ndiye anayeweza kuulizwa.

Zaburi iliyookoa shingo

Juri imerudi, imesema «Ana kosa». Karani anamwuliza mfungwa kama analo neno la kusema kwa nini asihukumiwe kufa. Hapo mwenye kujua aliomba haki ya klero. Zamani mapadri walihukumiwa na Askofu wao, si na mfalme. Ili kujua nani ni klero, walimpa kitabu asome, kwa kuwa wakati ule mapadri ndio waliojua kusoma. Baadaye wengi wasio mapadri walijifunza kusoma, lakini kipimo hakikubadilika. Hivyo kila mwanamume aliyejua kusoma akawa klero mbele ya kamba! Aliwekewa mstari wa kwanza wa Zaburi ile ya toba ambayo Biblia ya Kilatini huihesabu ya 50 na nyingine huihesabu ya 51. Watu wakauita mstari wa shingo. Kama akisoma, ilijibiwa «legit», yaani «anasoma», naye akapona. Mtasema: mjanja si atauhifadhi kwa moyo? Naam, walikuwako waliojaribu.

Ili mtu asirudie, sheria ya mwaka 1489 ilisema wasio mapadri wa kweli waipate haki hiyo mara moja tu, na wachomwe kidole gumba kwa chuma cha moto. Mwaka 1598 mtunga michezo Ben Jonson alimwua mwigizaji Gabriel Spencer katika kupigana kwa panga. Alikiri, akaomba haki ya klero, akasoma, akachomwa kidole, akapoteza mali yake, akaenda zake kutunga michezo ambayo husomwa mpaka leo. Kwa makosa mengine, kama yale mabaya zaidi, haki hiyo iliondolewa moja moja kwa sheria.

Wanawake je? Kwa kuwa mwanamke hawezi kuwa padri, hakuweza kuiomba. Ni miaka ya 1620 alipopewa sehemu ndogo, na miaka ya 1690 akasawazishwa na mwanamume. Kabla ya hapo alikuwa na ombi jingine: kusema ana mimba. Wanawake 12 waliapishwa, wakamchunguza faraghani. Wakikuta mtoto anacheza tumboni, kunyongwa kuliahirishwa mpaka ajifungue, na mara nyingi baada ya hapo alisamehewa. Ndipo peke yake, katika baraza lote lile, wanawake waliposikilizwa kama waamuzi.

Juri nayo ilikuwa na huruma yake ya kimya. Wizi wa mali inayopita peni 12 ulikuwa wa kunyongwa. Chini ya hapo ulikuwa wa viboko. Basi ilitokea mara nyingi kwamba watu 12 wenye akili timamu walimtazama kijana mwenye njaa, wakaitazama mali iliyoibwa, wakasema kwa kiapo kwamba bei yake ni peni 10. Kila mtu alijua kuwa si kweli. Sheria ilipokuwa kali mno, ilifundisha watu wema kusema uongo. Na mwaka 1706 kipimo cha kusoma kiliondolewa, kusudi asiyejua kusoma asife kwa ujinga wa herufi; mwaka 1827 haki ya klero yenyewe ikafutwa.

Watu 12 bila chakula

Kimebaki kisa kimoja. Mwezi wa Agosti mwaka 1670, William Penn, kijana wa dhehebu la Wakweka, alihubiri barabarani London, kwa sababu walikuwa wamefungiwa nyumba yao ya sala. Alishitakiwa pamoja na William Mead kwamba wamefanya mkutano wa fujo. Katika baraza la Old Bailey Penn aliuliza: nimevunja sheria gani? Nionyesheni. Hakuonyeshwa, akaondolewa kwa nguvu pembeni.

Juri ikaenda kushauriana, ikarudi na neno: Penn ana kosa la kusema katika barabara ile. Basi. Kusema si kosa, na mahakimu walijua hivyo, wakawarudisha. Desturi ilikuwa kwamba juri haili, hainywi, haiwashiwi moto, mpaka imalize. Waliwafungia usiku kucha, na usiku wa pili, wakiwatisha. Kila waliporudi neno lilikuwa lile lile, na mwishowe wakasema waziwazi: hawana kosa. Mahakimu wakawatoza faini na kuwatia gerezani. Edward Bushell na wenzake kadhaa walikataa kulipa. Wakaomba hati yenye maneno mawili ya Kilatini, «habeas corpus», ambayo humwamuru mlinzi wa gereza amlete mfungwa mbele ya hakimu na kueleza kwa nini amemshika. Hakimu mkuu John Vaughan aliamua kwamba juri haiwezi kuadhibiwa kwa sababu ya neno lake, kwa maana watu wawili waweza kuusikia ushahidi ule ule na kuelewa tofauti kwa moyo safi. Wakatoka huru. Hata leo katika jumba la Old Bailey lipo jiwe la kumbukumbu yao.

Yatufaa nini?

Wasomaji wapenzi, tazameni sasa jinsi mvua ilivyokatika. Mwaka 1696 washitakiwa wa uhaini walipewa wakili na nakala ya hati. Mwaka 1702 mashahidi wa mshitakiwa wakaapishwa kama wengine. Sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, iliondoa Kilatini na Kifaransa katika maandishi ya baraza, kusudi raia aelewe. Na wakili wa kusema yote kwa niaba ya mshitakiwa wa kosa la kunyongwa alikubaliwa mwaka 1836. Hesabuni wenyewe: kati ya kamba ya kwanza na wakili huyo ilipita miaka mingapi!

Sisi hatuna haja ya kungoja hivyo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 18, iliandika kwamba aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake na mashitaka yake, tena kwa lugha anayoielewa. Na kifungu cha 19 kikataja haki ya kujitetea na kuwa na mtetezi. Lakini haki iliyolala katika karatasi ni kama mbegu katika ghala. Mzazi atakayemweleza mwanawe maneno haya amempa kitu ambacho mkulima wa Uingereza wa mwaka 1586 hakuwa nacho. Kwa hiyo, ukiitwa barazani, usione haya kusema: «Sijaelewa neno hili, nifafanulieni.» Usitie sahihi karatasi usiyoweza kuisoma. Ukiitwa kushuhudia, kumbuka kwamba kuna shingo ya mtu mwishoni mwa ulimi wako. Na wewe mzee unayeamua mashauri ya ukoo, usikilize pande mbili kabla ya kusema. Pale usipojua, uwe na moyo wa kuandika neno lile la kale: «hatujui».

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Ndiyo sababu ya ukurasa huu.

Juma lijalo tutayafungua maneno ya hati za ardhi na mipaka, kwa maana huko nako wengi wamelia.

Mwalimu wenu